Daftari la Saa

Kila kaya ilidaiwa saa ishirini na moja kwa juma,
na kalamu niliishika mimi.
Niliandika: Wilmar, dereva wa basi, saa sita, zege.
Nibia, mshonaji, saa nne, kugonga matofali.
Pacha wa Bentancor, saa tatu kila mmoja, mchanga,
ingawa nusu ya saa hizo walikuwa wakirushiana.

Matofali tuliyatoa kiwanda cha ngozi kilichobomolewa,
ng'ambo ya reli, magharibi ya Montevideo.
Tuliyagonga moja moja kwa nyundo ndogo
hadi chokaa ya watu tusiowajua ikabanduka.
Siku za joto yalinuka ngozi tena.
Nibia akasema, tutalala ndani ya kiatu.

Paa tulilishindilia sufu chafu,
ile ya tumboni mwa kondoo, wanayoikataa wanunuzi,
vitambaa puani, macho yakituchonyota.
Madirisha makubwa tukayaelekeza kaskazini,
maana huku kwetu jua la Juni hupita huko, chini chini,
kama mdeni anayepita mlangoni pa duka.
Mvua tukaichimbia tangi chini ya ua.

Wala hakuna aliyejua nyumba yake.
Nyumba thelathini na mbili, kura siku ya mwisho.
Jengeni kila ukuta kana kwamba mtalala nyuma yake,
alisema Ourique, fundi pekee aliyelipwa,
kisha akaenda zake kuwasha sigara.

Jumapili moja ya Agosti
nilibaki peke yangu namba kumi na tisa.
Dirisha la chumbani. Fremu imekaa,
kilichosalia ni pengo la chini, refu kama mkono.
Vidole vilikuwa vimekufa ganzi
na basi la mwisho lilipita saa tatu kasorobo.
Nikalisokomeza gazeti pengoni,
nikapaka lipu juu yake,
nyembamba kama siagi ya mwisho wa mwezi.
Nikafungua daftari:
mimi, saa mbili, dirisha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema.
Mimi niliujenga ukuta, nikauacha ufa,
nikajilipa.

Siku ya kura tulitia karatasi katika sufuria ya mchuzi.
Wilmar akapata namba nne, akalia, amekalia ndoo.
Mimi thelathini, kando ya tangi.
Kumi na tisa ikamwendea Zulma,
mjane wa mfua vyuma,
aliyelipa saa zake zote kwa kutupikia,
na ambaye kifua chake hupiga mluzi akipanda ngazi.

Miaka sita.
Kila Juni, upepo wa kusini ukianza kupekua mitaa,
nabisha kwake na bakuli la lipu.
Dirisha lile tena?
Ndilo.
Anatia maji ya moto katika kibuyu cha chai chungu,
mrija mmoja, tunapokezana.
Haulizi kwa nini katika nyumba nzima
dirisha ni hilo hilo.

Mwaka jana nilichimba zaidi na patasi.
Gazeti likatoka, limekunjamana, kavu.
Zulma akavaa miwani, akalinyoosha mezani, akasoma kwa sauti:
mpira, sare ya bila bila.
Viazi vimepanda bei.
Kisha tarehe, polepole, siku, mwezi, mwaka,
kidole kikiwa juu yake.
Nilikuwa nimeshika patasi, sina pa kuiweka.

Akalikunja mara nne,
akainama, mluzi ukamtoka,
akalisukuma chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba.
Akaitikisa meza. Imetulia.
Humu hatutupi kitu, akasema.

Nikajaza pengo, safari hii hadi ndani kabisa.
Ilinichukua saa moja na nusu.
Sikuiandika popote.

Juni hii upepo umekuja mapema.
Nimebisha, bakuli mkononi.
Amepeleka kiganja chini ya dirisha, akakiacha hapo kitambo.
Hapapiti kitu.
Amebandika maji jikoni.